Manyuali au otomatiki: piga hesabu ya giaboksi kwanza

Kama una pesa ya gari moja tu la mtumba, na hukai kwenye foleni asubuhi na jioni, nunua manyuali. Sababu kubwa si mafuta. Otomatiki za zamani za gia nne zinakunywa zaidi, ni kweli, ila hizi za CVT, zisizo na gia za hatua, zimeziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Akiba yenyewe utaiona kwa fundi.

Klachi inakwisha, hilo halina ubishi. Lakini inapokwisha unajua unachonunua: sahani, presha na bearing yake. Fundi wa Singida au wa Voi anaishusha giaboksi chini ya mti na jioni unaendesha. Otomatiki ikianza kusita, mafundi wengi hawaigusi ndani. Wanakutuma kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road ukatafute giaboksi nzima iliyotolewa kwenye gari lingine. Imetembea kilomita ngapi? Muuzaji hajui, na dhamana yake mara nyingi inaishia mlangoni pa duka.

Njoo kwenye oili. Giaboksi ya manyuali ya gari dogo inachukua kama lita 2 za oili ya gia. Otomatiki inabeba lita 6 hadi 8, na ukifungua nati ya chini inatoka karibu nusu tu. Iliyobaki imejificha ndani. CVT inataka oili yake maalumu, yenye bei yake. Ukimruhusu fundi aweke ya kawaida ili ubane matumizi, anza kuweka akiba ya giaboksi.

Betri ikifa porini, manyuali husukumwa, ukatia gia ya pili, likawaka. Otomatiki halisukumwi. Likiharibika giaboksi, usilivute kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoliendesha yakizunguka chini. Hapo unalipia gari la kubebea, na bei ya gari hilo saa nne usiku unaijua.

Sasa ubaya wa manyuali. Kodi ya kuingiza gari haiangalii aina ya gia: Tanzania inaangalia thamani, ukubwa wa injini na umri (ndiyo ile ada ya uchakavu), na Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo usitegemee nafuu bandarini. Tatizo lingine ni upatikanaji. Japani ilianza kutoa leseni ya otomatiki pekee mwaka 1991, na saluni za manyuali huko zimekuwa adimu. Utakachokuta kwa wingi ni vigari vya mizigo na pikapu. Saluni ya manyuali iliyopo mjini huenda imeshapiga teksi au imefundishia madereva. Muuzaji akikuongezea bei kwa kuwa "haya hayapatikani", mwache nalo.

Gharama ya klachi nayo ina mkia. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, hivyo badilisha sahani, presha na bearing vyote kwa mpigo, pamoja na sili ya nyuma ya injini kama inavuja. Ukirudia kwa sababu ya bearing, unalipa ufundi mara mbili. Flaiwili ikiwa na mikwaruzo itapelekwa kwa fundi mashine kuchongwa. Na jihadhari na dizeli za Ulaya: nyingi zina flaiwili ya vipande viwili, ambayo peke yake inaweza kuzidi bei ya klachi. Ulizia kabla hujapenda rangi.

Anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku, au anayeishi kwenye msongamano wa Nairobi, achukue otomatiki iliyotunzwa. Kwenye manyuali mguu wa kushoto utachoka, na klachi inayokanyagwa nusu nusu kutwa haidumu. Kama mnachangia gari nyumbani, tazameni leseni: nchini Kenya, daraja la B1 ni la otomatiki tu. Ukitaka kuliuza mjini, manyuali pia litakaa sokoni muda mrefu. Wanunuzi wake wako mikoani na kwenye biashara.

Kabla ya kulipa, washa injini, vuta breki ya mkono kwa nguvu, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Gari likizima papo hapo, klachi bado inashika. Likiendelea kunguruma, toa kwenye bei gharama ya klachi nzima na ufundi wake, au ondoka.