Kabati Lililokunywa Maji

Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka Mlima Meru na kulipita jiji la Arusha. Masika yakizidi, maji huacha njia yake. Aprili 12, 2024 gari la shule lilisombwa na mafuriko huko Muriet, watoto wakapoteza maisha. Kabla mwezi huo haujaisha, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu huo wa El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Walionusurika hurudi kwenye nyumba zilizojaa matope, na jiko ni miongoni mwa sehemu za kwanza kushughulikiwa, maana watu lazima wale.

Kabati la jikoni hudanganya. Siku maji yanapotoka, ukilifuta matope unaliona zima. Wiki moja baadaye milango haifungi, droo zimekwama na pembe za chini zimevimba. Hata nyumba ambayo mafuriko hayakuifikia huweza kupata hasara hiyohiyo polepole, kwa bomba la sinki linalovuja kimyakimya miezi mingi. Hapo fundi bomba amtangulie seremala, vinginevyo fedha ya matengenezo itapotea.

Kila uamuzi hutegemea kabati limetengenezwa kwa kitu gani. Mbao halisi, iwe mninga, mkongo au sipresi ya kupandwa kama ile ya shamba la miti la Meru, hufyonza maji na kutanuka, kisha ikikaushwa kwa utaratibu hurudi karibu na umbo lake. Chipubodi ni habari nyingine. Hiyo ni maranda na vipande vidogo vya mti vilivyochanganywa na gundi, vikakandamizwa kwa mashine yenye joto. Maji yakipenya, vipande hujinyoosha na gundi huachia. Uvimbe huo haurudi, hata ubao ukianikwa mwezi mzima. MDF nayo ikishavimba haina tofauti kubwa. Plaiwudi hutegemea gundi yake: ile yenye gundi ya kustahimili maji huokoka, ya bei nafuu hufumuka tabaka kwa tabaka. Anayetaka kujua alicho nacho achungulie tundu la bawaba au ukingo wa nyuma ya sinki, mahali ambapo fomika haikufika.

Kazi ngumu kuliko zote ni kusubiri. Mbao iliyoloa hubeba maji yanayoweza kuzidi asilimia 30 ya uzito wake ikiwa kavu, ilhali samani ya ndani inatakiwa iwe na asilimia 12 hivi. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na masika yakiisha huja Juni na Julai zenye baridi na mawingu. Upande wa kusini wa Meru hupata mvua nyingi kuliko upande wa Oldonyo Sambu, hivyo jiko la Ilboru, upande huo wa kusini, haliwezi kukauka kwa kasi ya jiko la Oldonyo Sambu.

Umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu. Kisha milango, droo na rafu zitolewe, ubao wa nyuma ubanduliwe ili hewa ipite, na kila kipande kiwekwe juu ya matofali kivulini. Jua kali hupinda mbao na kuipasua. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kuharakisha kazi: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua. Njia nzuri ya kupima ni mizani. Mlango mmoja upimwe kila baada ya siku chache. Ukiacha kupungua uzito, umekauka.

Maji ya mafuriko huchanganyika na ya vyoo, na ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo usafi wa sabuni hausubiri ukaukaji. Kwenye ukungu wa sehemu ngumu, robo lita ya dawa ya klorini ya nyumbani katika lita 4 za maji inatosha, madirisha yakiwa wazi, bila kuichanganya na dawa ya choo wala amonia.

Meza ya zege iliyojengwa juu ya matofali na kufunikwa vigae, ile ambayo wengi wanaiona ya kizamani, ndiyo inayostahili sifa, kwa kuwa maji hayaivimbishi. Vigae vigongwe kimoja kimoja; kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia na kibandikwe upya. Graniti iliyoingia giza mara nyingi hurudisha rangi yake ikikauka.

Chipubodi iliyovimba sentimita chache za chini haihitaji kutupwa yote. Fundi hukata sehemu hiyo kwa mstari ulionyooka, kisha huiwekea iliyobaki kitako cha mbao ngumu na kuziba ukingo kwa rangi ya mafuta. Bora zaidi ni kabati kukaa juu ya kitako cha zege cha sentimita 10 au 15. Ubao wa nyuma urudishwe mwisho kabisa, baada ya kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu usiku kucha na kukikuta asubuhi hakina tone, dalili kwamba ukuta umekauka.