Kochi la Bei Nafuu Si Aibu, Livikeni Nguo

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Mgeni aingiaye katika sebule nadhifu mjini Migori au Homa Bay akavutiwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, aghalabu hajui kwamba chini ya vitambaa hivyo mna mbao za kawaida na sponji, kazi ya fundi wa jua kali aliye kando ya barabara. Uzuri anaousifu umetoka katika sindano, wala haukutoka katika duka la bei ghali.

Nalisema hili kwa sababu wako walimu, hasa vijana walioajiriwa majuzi, ambao huona haya kumkaribisha mgeni kwenye viti vya kawaida. Hukimbilia chama cha akiba na mikopo kuomba fedha za makochi ya fahari. Kochi huanza kuchakaa hali makato yangali yanaendelea katika hati ya mshahara, na fedha hizo ndizo ambazo zingelipa karo ya mtoto au kununua vitabu. Je, huo si utumwa wa kujitakia?

Dawa si ngumu. Kochi lenye mbao imara na kitambaa kilichofifia halihitaji kutupwa. Lahitaji vazi jipya. Mwenye kujua kufuma na afume. Asiyejua na apime urefu, upana na kina cha kiti, kisha amwendee fundi cherehani. Pamba hufaa sana katika joto la kandokando ya ziwa kwa kuwa hunyonya jasho, lakini yafaa ifuliwe kabla ya kukatwa, kwani hupungua inapofuliwa mara ya kwanza. Hata leso hutosha. Huuzwa jozi, hivyo moja itafunika kikalio na ya pili egemeo, ambapo maandishi yake yatasomeka vyema. Vazi hilo lisigongomelewe kwa misumari, bali lifungwe kwa kamba au vifungo ili livuliwe na kufuliwa vumbi linapozidi.

Wapo watakaodai kwamba huku ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Sikubaliani nao. Anayefunika mbao zilizooza ili amuuzie mwenzake, huyo ni mlaghai. Lakini anayekivika kiti chake mwenyewe hamdanganyi mtu. Anakitunza na kumheshimu mgeni wake. Nguo iliyo safi na iliyopigwa pasi haiitwi uongo kwa sababu mwenye kuivaa ni maskini.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kupotea kwa ujuzi wenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, masomo ya ufundi na sayansi ya nyumbani yalipewa nafasi katika shule za msingi, na wanafunzi wakashika uzi na sindano. Baadaye uzito wa masomo hayo ulipunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umerudisha msisitizo kwenye stadi za mikono, lakini mtaala ni karatasi tu iwapo mwalimu hana uzi wala muda. Kijana akimaliza shule bila kujua kupima na kukata kitambaa, atanunua kwa fedha kile ambacho angekitengeneza, na hatakuwa na cha kuuza.

Ndipo nawasihi walimu wa Rongo, Awendo, Oyugis na Mbita wawaalike akina mama wafumaji na mafundi cherehani shuleni, wawafunze wavulana kwa wasichana. Waanze na viti vya chumba cha walimu. Hesabu ya vipimo itapatikana humo, sanaa itapatikana humo, na biashara vilevile. Nanyi wanafunzi, msicheke kiti cha kale cha mzazi wenu. Kipimeni, mkakivike.