Viwanda vya Magari Ugenini: Wenyeji Huachiwa Nini?

Kwa familia za Mpumudde, mjini Jinja, viwanda vya magari si habari za mbali tena. Huko Kagogwa, nje kidogo ya mji, shirika la serikali la Kiira Motors lilianza kujenga kiwanda mwaka 2019, na ujenzi ukakabidhiwa NEC, shirika la uzalishaji la jeshi. Wazazi wana haki ya kuuliza: kiwanda cha namna hii huwaachia wenyeji nini?

Historia yatoa mafunzo. Mwaka 1911 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuunganisha magari Manchester, Uingereza. Vipande vilisafirishwa kwa meli ndani ya makasha, kwani gari zima hujaza nafasi kubwa na nauli yake ni ghali. Baadaye ushuru na mipaka ya uagizaji vikawa sababu nyingine. Japani ilipokubali mwaka 1981 kupunguza magari yaliyopelekwa Marekani, kampuni zake zilizidi kujenga viwanda huko huko.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilipata viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1970, vikishirikisha serikali na kampuni za kigeni. Lakini katika miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika kutoka ng'ambo yalifurika, na kazi viwandani ikapungua sana. Kiwanda kinachotegemea makasha ya mgeni na kinga ya sheria hutikisika sheria inapobadilika.

Uganda ilianzia kwenye ufundi. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua. Mabasi ya umeme yaliyofuata yaliundwa kwanza Nakasongola, katika kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, kwa ujuzi uliopatikana pia kutoka China. Kujifunza kwa mgeni si aibu. Hasara ni kubaki mkaza nati siku zote.

Kwa hiyo askari na mkewe wanaopanga karo ya watoto wasidharau ufundi wa kuchomelea vyuma, umeme wa magari na uchoraji wa mitambo. Mgeni aweza kuondoka na mashine zake. Ujuzi ulio mikononi mwa kijana haufungwi katika kasha.