Roketi Iliyoamriwa Kabla ya Kuwashwa

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa lililosimama kwa miguu ya chuma baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani, iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Mimi huvutiwa zaidi na kilichoisukuma: hatua nne za fueli yabisi, zisizo na pampu ya mafuta wala bilula ya kuyafunga.

Fueli ya aina hii hukorogwa kama uji mzito: chembe za perkloreti ya amonia, unga wa alumini, na mpira wa kuzishikanisha. Humiminwa ndani ya kasha, ikagandia humo. Perkloreti hubeba oksijeni yake, kwa hiyo moto hauhitaji hewa, na ukishashika huwaka mpaka fueli iishe. Gesi hujibana kupita koo jembamba lililo nyuma, kisha hutanuka katika mdomo mpana na kutoka kwa kasi inayoushinda mwendo wa sauti. Gesi ikirushwa nyuma, roketi husukumwa mbele.

Moto usiozimika hudhibitiwaje? Kwa umbo la tundu lililoachwa katikati ya fueli. Fueli huungua usoni tu, na msukumo hufuata ukubwa wa uso unaowaka. Dawa ya mbu ya kuviringishwa huungua nchani peke yake, ndiyo maana moto wake haubadiliki usiku kucha. Tundu la duara hupanuka linapoungua, msukumo ukapanda. Tundu la nyota huliwa pembe zake huku likipanuka, msukumo ukabaki karibu uleule. Katika roketi za ubavuni za Space Shuttle, nyota ya pembe 11 ilisaidia kupunguza msukumo kwa takriban theluthi moja sekunde 50 baada ya kuruka, chombo kisielemewe na hewa. Yote hayo yaliamuliwa kiwandani. Ndiyo maana ufa mdogo huogopwa mno: huongeza uso wa kuungua, shinikizo likapanda hadi kasha kupasuka.

Mwelekeo una ufundi wake. Hatua ya kwanza ya Scout ilikuwa na vibao ndani ya mkondo wa moto, vikiupinda kama usukani wa jahazi upindavyo maji. Ya pili na ya tatu zilijinyoosha kwa vijito vya peroksaidi ya hidrojeni. Ya nne ilizungushwa kama pia ya mtoto, na ikizunguka hivyo ikaifikisha Uhuru kwenye njia yake kuizunguka Dunia.