Manowari Iliyokataa Kuzama

Desemba 2, 1949, manowari ya mbao yenye umri wa miaka 149 ilivutwa hadi kina kirefu karibu na Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, ikatoswe. Juu yake zilipepea bendera mbili, ya Ufaransa na ya Uingereza. Tangu nisome habari hiyo, bendera hizo haziniondoki akilini.

Wafaransa waliiunda huko Rochefort, wakaipa mizinga 74 na jina la Duguay-Trouin. Ilinusurika vita vya majini vya Trafalgar Oktoba 1805. Siku 14 baadaye Waingereza wakaiteka kwenye rasi ya Ortegal, nahodha Touffet akiwa ameuawa. Wakaiita Implacable, ikawatumikia zaidi ya karne nzima, na uzeeni ikafunza vijana ubaharia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mbao zilikuwa zimechakaa, na fedha za kuikarabati hazikupatikana. Ufaransa iliulizwa kama inaitaka. Ikakataa.

Frank Carr hakuridhia. Alikuwa mkurugenzi wa makumbusho ya bahari ya Greenwich, lakini pia mtu wa tanga aliyeyajua majahazi ya mto Thames kwa kuyasafiria na kuyaandikia kitabu. Aliipigania akashindwa. Uchungu ule hakuuzika: miaka michache baadaye alikuwa mstari wa mbele kuiokoa meli ya Cutty Sark, na chama cha kuhifadhi meli alichokuja kukiasisi kilichukua kilio chake kuwa kaulimbiu: Implacable, isitokee tena.

Siku ya kutoswa Implacable, baruti ililipuliwa. Farumi ya chuma, iliyowekwa ili iivute chini, ikaporomoka pamoja na sakafu ya meli. Ngama ikaenda. Kiwiliwili cha juu, kilichopunguziwa mzigo, kikabaki kinaelea saa kadhaa mbele ya waliokuja kukiaga.

Wahenga wetu wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa manowari hii mambo yalipinduka: ngama imo baharini, ilhali nakshi za tezi na sanamu ya omo, zilizong'olewa mapema, zimehifadhiwa Greenwich. Carr alibakiwa na hizo tu.

Ile bendera ya Ufaransa ilipandishwa kwa heshima, au kwa kuomba radhi? Na kule Paris, waliosema hawaihitaji walijisikiaje waliposikia kwamba ilichelewa kuzama?