Kuhariri Sentensi za Kiingereza: Swali la Nani Alitenda

Mwandishi anayehariri Kiingereza chake aghalabu hukimbilia mkasi: hufuta maneno ya ziada, hugawa sentensi ndefu, huweka neno jepesi mahali pa gumu. Kazi hiyo ina manufaa, ila mara nyingi hufanywa mapema mno. Kabla ya kupunguza neno lolote, sentensi haina budi kuulizwa: nani alitenda nini?

Tuchukue sentensi iliyotungwa kwa ajili ya makala haya, kuhusu msafara uliotia kambi Tabora katika karne ya 19: “There was a delay in the payment of the porters.” Kitendo cha kulipa kimegeuzwa nomino, na mahali pa kiima pameshikwa na “there”, neno lisilomtaja mtu yeyote. Mhariri wa mkasi ataandika: “The porters were paid late.” Maneno kumi yamekuwa matano, na bado msomaji hajui wapagazi wamdai nani. Sentensi “The trader paid the porters late” ina neno moja zaidi, lakini ndiyo iliyo wazi.

Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake mwingine. Lugha yake hutenganisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka: bunduki iliyovunjwa ina aliyeivunja, hata asipotajwa, bunduki iliyovunjika haimshtaki mtu. Kiingereza “The gun was broken” hubeba maana zote mbili, na pia maana ya tatu, kwamba bunduki ilikuwa mbovu tangu awali. Mwenye kuhariri hana budi kurudi kwenye wazo lake. Ikiwa ilivunjika yenyewe, aandike “The gun broke”, ikiwa askari aliivunja, aandike “The guard broke the gun.” Si kila kitenzi kitakubali njia hiyo: mzigo uliopotea hauwezi kuwa “The load lost”, bali “The load went missing.” Hapa kamusi peke yake haitoshi, kwani tafsiri ya neno moja moja haionyeshi tabia ya kitenzi.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hati iliyopita Kwihara, karibu na Tabora. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika huko kutoka Ujiji mwezi wa Februari 1872. Stanley alipoondoka Machi kuelekea pwani, alibeba daftari kubwa la mwenziwe, ambalo leo hujulikana kwa jina la Unyanyembe. Livingstone alibaki kuwangojea wapagazi hadi Agosti.

Ndani ya daftari hilo mna habari za mauaji ya Nyangwe, soko lililokuwa kando ya mto Lualaba, mashariki ya Kongo, tarehe 15 Julai 1871. Watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliwafyatulia risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, baadhi kwa kuzama mtoni. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliongeza shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa, na Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuipiga marufuku kwa njia ya bahari.

Lakini daftari lilikuwa nakala iliyoandikwa upya. Maandishi ya kwanza Livingstone aliyaandika akiwa Nyangwe kwenyewe. Karatasi ilikuwa imemwishia, akaandika juu ya kurasa za gazeti la London, The Standard, kwa wino wa mimea ya huko. Wino ulififia, na kwa zaidi ya karne moja kurasa hizo zilikuwa karibu hazisomeki. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilichapisha maandishi hayo baada ya kuyapiga picha kwa miale ya mwanga wa aina mbalimbali. Matini mbili zilipowekwa sambamba, tofauti zilijitokeza. Ile ya gazetini inaacha mashaka juu ya mwenendo wa baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe. Katika daftari mashaka hayo yamefifia.

Haifai kuharakisha kusema alidanganya. Anayenakili baada ya muda hupanga, hulainisha, huondoa alichokiandika kwa hofu. Hata hivyo, msomaji wa London alipewa matini iliyonyooka zaidi huku swali la nani alikuwa wapi likiwa limepungua ndani yake. Horace Waller naye alihariri tena kabla ya kuchapisha shajara za mwisho mwaka 1874, akisaidiwa na Susi na Chuma, waliokuwa safarini na marehemu.

Kauli ya kutendwa haikatazwi. “Many people were killed in the market” ni sentensi njema pale waliouawa ndio wanaozungumziwa, au muuaji hajulikani. Inageuka pazia pale mwandishi anapomjua mtenda na msomaji anamhitaji. Kwa hiyo rasimu ya kwanza isitupwe. Iwekwe kando ya ile iliyosafishwa, na majina ya watu yahesabiwe katika zote mbili. Jina lililokuwamo mwanzo na halimo mwishoni litafutiwe sababu ya kuondoka.