Ndoa Ikivunjika, Mtoto Abaki na Wazazi Wake

Mtaa wa Mbotela, ulio upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, uliitwa kwa jina la marehemu Tom Mbotela, aliyepata kuwa kiongozi katika chama cha KAU na ambaye aliuawa mwaka 1952. Nyumba zake ni ndogo na zimekaribiana. Neno lisemwalo kwa ukali chumba kimoja husikika chumba cha pili. Basi mume na mke wagombanapo usiku, mtoto aliyejifunika blanketi husikia yote, na asubuhi huenda shule akiyachukua moyoni.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mtoto mdogo mara nyingi hudhani kwamba yeye ndiye aliyeleta ugomvi, pengine kwa sababu ya viatu alivyoomba. Aliye mkubwa hukasirika, akaacha masomo, akashinda barabarani. Mwalimu humwona mvivu, kumbe ana huzuni.

Wazazi wakiisha kuamua kuachana, yafaa wamweleze mtoto wote wawili pamoja, kwa maneno machache ya kweli: kwamba kosa si lake, kwamba atalala wapi, atasoma wapi, na siku gani atamwona mzazi aliyehama. Asifanywe tarishi wa kudai fedha, wala mpelelezi wa kuulizwa, "Baba yako anakaa na nani?" Wala asifanywe hakimu wa kuamua yupi mwema. Amtukanaye mama mbele ya mwanawe amemtukana na mtoto pia.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba faida ya mtoto itangulie katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yafuata msingi huo. Wazazi waweza kuandikiana mapatano juu ya malezi, chakula na karo. Wasipopatana, Mahakama ya Watoto huamua. Kwa hiyo baba hawezi kusema kwamba talaka imemtua mzigo, wala haifai mama amfiche mtoto kwa hasira tu.

Na kijana mwenyewe afanyeje? Kuwapatanisha wazazi si kazi yake. Amwendee shangazi, mjomba, nyanya au mwalimu anayemwamini, amweleze yaliyomo moyoni, wala asiache masomo na michezo yake. Ikiwa nyumbani kuna kupigwa au kutishwa, apige simu nambari 116, ambayo hailipiwi, usiku au mchana.

Majirani nao wana sehemu yao. Wasiyafanye mambo ya nyumba hiyo kuwa mazungumzo ya kwenye mfereji wa maji. Heri wamkaribishe mtoto jioni, wampe sahani ya ugali na nafasi mezani, akamalize hesabu zake kwa utulivu.